Video hii imelala wapi? Maneno kwa mafundi wa mtandao wa Lubumbashi

(Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya wanafunzi wa informatiki, mafundi wa kampuni za intaneti na watu wa redio na televisheni. Imeandikwa upya kwa ajili ya kusomwa.)

Jambo yenu, ba papa na ba mama, ndugu wanafunzi, mafundi wenzangu.

Waandaaji waliniomba niongee juu ya faiba. Nimewaomba ruhusa niiweke kando kidogo, maana kila kikao cha intaneti katika mji huu huanza na faiba na kuishia na faiba: nani amechimba mtaro barabara ipi, megabiti imeshuka bei lini, waya upi umekatika. Ni maongezi ya lazima, siyabezi. Ila yamefunika swali lingine, ambalo kwa upande wa video lina uzito kuliko upana wa bomba. Nakala ya kile mtu anachokitazama imelala wapi, na nani aliamua ilale pale?

Chukueni jambo la kila Jumapili. Kwaya ya Katuba inaimba asubuhi, kijana mmoja anarekodi kwa simu, mchana anaipakia video kwenye jukwaa moja kubwa la kigeni. Jioni shangazi yake wa Ruashi anabonyeza aitazame. Kutoka Katuba hadi Ruashi ni safari ya teksi. Video yenyewe imetoka nchini, ikafika kwenye jengo la seva ng'ambo, ikakatwakatwa na kuhifadhiwa huko, halafu shangazi alipobonyeza ikarudi. Kama majirani zake nao ni watu wa kwaya na hakuna nakala yoyote hapa mjini, inarudi tena kwa kila mmoja wao. Kila ikirudi, kuna mtu hapa Lubumbashi aliyelipa kwa dola nafasi kwenye waya wa kimataifa. Dola hizo mnazikuta ndani ya bei ya forfe zenu za intaneti.

Kwa mstari ulionyooka, Johannesburg iko kilomita 1,600 hivi kutoka hapa. Kinshasa iko mbali karibu hivyohivyo, jambo ambalo watu wa makao makuu hawapendi kulisikia. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi Johannesburg ni milisekunde 16 endapo waya ungenyooka, na haunyooki. Ulaya kwa njia ya nyaya za baharini ni zaidi ya kilomita 10,000, yaani milisekunde 100 na zaidi. Anayetazama filamu hazioni milisekunde hizo, kwa sababu simu yake imeshavuta vipande vya mbele. Anachokiona ni lile duara la kuzunguka saa mbili usiku, wakati mji mzima umerudi nyumbani na waya umejaa.

Na kuna siku waya haujai, unakatika. Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari, kwenye korongo la mdomo wa mto Kongo, yalikata nyaya mbili za baharini, WACS na SAT-3. Machi 2024 nyaya nne zikakatika karibu na Abidjan, na WACS ikawamo tena. Sisi wa kusini tuna mlango mwingine kupitia Kasumbalesa na Zambia, lakini mlango huo nao una upana wake, na siku ya msiba kila mtu anataka kupitia hapo. Siku kama hizo video iliyo na nakala mjini inaendelea kucheza. Niongeze sharti ambalo wauzaji wa vifaa hawalitaji: inaendelea kucheza ikiwa orodha ya vipande na ufunguo wa kuifungulia vinapatikana pia. Nimeona seva imejaa filamu, diski nzima, feni zinaunguruma, na hakuna hata moja inayofunguka kwa sababu ruhusa ya kuitazama inaombwa kwenye seva iliyo upande wa pili wa waya uliokatika. Kwa hiyo ukipanga mahali pa nakala, panga na mahali pa ruhusa.

Wazo la kuweka nakala karibu na watu si geni. Mwaka 1997 kundi la watafiti, wengi wao wa chuo cha MIT kule Marekani, walichapisha njia ya kugawanya vitu kati ya seva nyingi, na mwaka 1998 Tom Leighton na Daniel Lewin wakaanzisha Akamai, kampuni inayoweka nakala za vitu vya mtandao kwenye seva zilizo karibu na watu. Lewin aliuawa tarehe 11 Septemba 2001, ndani ya ndege ya kwanza iliyogonga majengo ya New York. Njia yao nitairudia tukifika kwenye umeme, maana hapo ndipo inapotufaa sisi zaidi kuliko wao.

Kwanza tukubaliane tunahifadhi nini. Watu husema "filamu" kana kwamba ni kitu kimoja. Tangu Apple walipotoa HLS, njia ya kurusha video kwa vipande, mwaka 2009, na DASH, njia nyingine ya aina hiyo, ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, filamu imekuwa rundo la vipande vya sekunde chache, na kila kipande kipo katika ngazi kadhaa za ubora. Simu inachagua ngazi kulingana na hali ya mtandao wakati huo. Tufanye hesabu pamoja, wanafunzi toeni kalamu. Filamu ya dakika 90 ni sekunde 5,400. Tuseme tumeitengeneza katika ngazi tano: kilobiti 400 kwa sekunde, kilobiti 800, megabiti 1.5, megabiti 3 na megabiti 5. Jumla ni megabiti 10.7 kwa sekunde. Zidisha kwa 5,400, gawanya kwa 8, unapata gigabaiti 7.2 kwa filamu moja. Diski ya terabaiti 10 inabeba filamu 1,385 hivi, basi.

Sasa futa ngazi mbili za juu kwenye diski hiyo. Zilizobaki ni megabiti 2.7 kwa sekunde, gigabaiti 1.8 kwa filamu, na diski ileile sasa inabeba filamu karibu 5,500. Umezidisha ghala mara nne bila kununua hata skrubu. Anayetaka ngazi ya juu kabisa kwenye televisheni yake kubwa ataletewa kutoka mbali, na mwenye simu ya inchi sita, ambaye ndiye mteja wako wa kweli katika komini zetu za Kenya na Kampemba, hatagundua lolote. Ngazi za juu ndizo za kwanza kuachwa hata kwa matajiri: Machi 2020, dunia ilipojifungia ndani, Umoja wa Ulaya uliomba na Netflix wakakubali kupunguza trafiki yao huko kwa asilimia 25 kwa siku 30, wakapunguza ubora bila kuondoa filamu.

Kwa hiyo anayeamua kwa filamu nzimanzima anapoteza nafasi. Amueni kwa faili. Netflix wenyewe wameeleza hadharani kwamba wanapanga umaarufu kwa faili moja moja, kila ngazi kivyake. Ninashangaa bado nikikutana na mfumo ambao fundi anabonyeza "weka filamu hii" na ngazi zote zinaingia kama mizigo ya harusi.

Mtu anayeijua kazi hii vizuri kuliko sisi sote ni kijana wa sokoni Kenya. Sisemi nchi, nasema komini yetu. Ana laptop kuukuu, diski ya nje na meza. Unampelekea flash, anakujazia filamu, muziki, maigizo. Diski yake ina mwisho. Ikijaa, lazima afute kitu ndipo aweke kipya. Mwangalie anavyofuta. Hafuti kilicho kikubwa wala kilicho cha zamani. Anakumbuka nani aliomba nini wiki hii, anajua kwamba igizo la Kiswahili cha hapa litaulizwa Jumamosi, anajua kwamba filamu ya Kihindi aliyoipata kwa shida kutoka kwa mwenzake wa Likasi asiifute, maana kuipata tena ni nauli. Na mteja mmoja akija kuomba kitu ambacho hakuna mtu mwingine atakiomba, anamtafutia, anamjazia, na hakiweki kabisa kwenye diski yake. Tukiacha habari ya haki za wenye kazi, ambayo ni kesi nyingine, pale mezani kuna karibu nadharia nzima ya kashe, yaani ghala la nakala lililo karibu na watu.

Sasa tuiseme kwa hesabu. Umaarufu wa vitu kwenye mtandao haujagawanyika sawa. Vichache vinaombwa sana, halafu unakuja mkia mrefu wa vitu vinavyoombwa mara chache. Mwaka 1999 Lee Breslau na wenzake walionyesha kwamba maombi ya kurasa za wavuti yanafuata mkunjo unaofanana na ule unaoitwa wa Zipf, yaani wa aina hiyohiyo, na video nazo zina tabia ya karibu na hiyo. Faida yake ni kwamba ghala dogo linaweza kuhudumia sehemu kubwa ya maombi. Hasara yake ni kwamba baada ya hapo kila terabaiti unayoongeza inakupa kidogo kuliko iliyotangulia. Mtu akikuambia ghala likizidishwa mara mbili na kazi inazidishwa mara mbili, mwombe akuonyeshe mkunjo wake.

Kanuni ya kufuta iliyoenea zaidi ni kuondoa kile ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu kuliko vingine. Ni rahisi, haihitaji kufikiri, na ndiyo inayokuja tayari kwenye programu nyingi. Tatizo lake liko kwenye mkia. Mtu mmoja akipitia usiku video mia mbili za zamani ambazo hakuna mwingine atazitaka, kila moja inaingia ghalani na kusukuma nje kitu ambacho mji ungekiomba kesho. Bruce Maggs na Ramesh Sitaraman waliandika mwaka 2015 kuhusu seva za Akamai: karibu robo tatu ya vitu viliombwa mara moja tu ndani ya siku mbili, havikuguswa tena. Robo tatu! Dawa waliyoitumia ni ile ya kijana wetu wa sokoni. Kitu kikiombwa mara ya kwanza, mhudumie mteja lakini usikiweke kwenye diski. Kikiombwa mara ya pili, ndipo kiingie. Ili kukumbuka mamilioni ya majina yaliyokwisha kuombwa bila kumaliza memori, wanatumia kichujio alichokibuni Burton Bloom mwaka 1970, ambacho kwa biti chache kwa kila jina kinakuambia "hili sijawahi kuliona" bila kukosea, au "hili nadhani nimeliona", na hapo mara mojamoja kinakosea. Kosa hilo linakugharimu nafasi ya kitu kimoja kwenye diski. Diski zenu zitaishi muda mrefu zaidi pia, kwa sababu diski za aina ya SSD huchoka kwa kuandikwa, na hapa kubadilisha SSD ni dola na ni foleni ya forodha.

Na ile filamu ya kutoka Likasi, ambayo haifutwi kwa sababu kuipata tena ni nauli? Hiyo nayo ina karatasi yake: Pei Cao na Sandy Irani, 1997, walipendekeza kanuni inayopima kila kitu kwa gharama ya kukileta upya ikilinganishwa na ukubwa wake. Kwetu hii ina maana ya pekee. Faili inayotoka kwenye seva iliyo hapahapa mjini ukiifuta hujapoteza kitu, utaiomba tena bure. Faili inayotoka Ulaya ukiifuta umejiandikia ankara. Vitabu vingi vimeandikwa na watu ambao kwao gharama ya kuleta kitu kutoka popote ni ileile, na wanafunzi wetu wanavikariri hivyo. Waambieni walimu wenu waweke bei ya Lubumbashi ndani ya fomula.

Kuna njia nyingine: kutongoja kuombwa. Netflix walipotangaza Open Connect, mfumo wao wa seva za nakala, mwaka 2012 walichagua kutabiri. Kila siku wanahesabu nini kitatazamwa kesho, na masanduku yao, yaani seva hizo, yaliyowekwa kwa watoa huduma yanajazwa saa za usiku mwingi, wakati waya uko wazi. Kwa mji wenye waya mwembamba hii ni nzuri sana, maana saa tisa usiku wetu ni kama mali iliyoachwa njiani: uwezo umelipiwa na hakuna anayeutumia. Wao wanafaulu kwa sababu orodha yao inajulikana na inabadilika polepole. YouTube haiwezi kufanya hivyo kwa kila kitu, watu wanapakia kila dakika. Televisheni zetu za hapa, lakini, zinaweza. Habari za jioni zimerekodiwa, igizo la Ijumaa limeshahaririwa Jumatano. Kwa nini lisiwe tayari kwenye seva zote za mji usiku wa Alhamisi?

Hapo nafika mahali ninapokwaruzana na wengine. Utabiri unahesabiwa na nani, na kwa kura za watu gani? Tuseme kuna mfululizo wa kigeni unaotazamwa bara zima, na hapa Lubumbashi umeombwa mara 40 kwa siku. Na tuseme ile video ya kwaya ya Katuba imeombwa mara 300 siku hiyohiyo, yote ndani ya mji. Kwenye orodha ya bara kwaya haipo kabisa. Sanduku linalojazwa kwa orodha ya bara litabeba mfululizo na kuiacha kwaya isafiri mara 300. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii. Ni hesabu iliyofanywa mbali. Lakini ukiiacha iendelee, mji unajikuta umepangisha umeme, nafasi na ubaridi kwa ajili ya vitu vya wengine, na vya kwake vinalala kwa jirani. Shaba yetu nayo tuliizoea hivyohivyo, nisiendelee.

Mtaniuliza: basi mtoa huduma si aweke kashe yake mwenyewe na kuhifadhi chochote kinachopita? Zamani ndivyo ilivyokuwa. Wazee mliomo humu mnaikumbuka Squid, programu ya kashe, ukiiweka katikati ya njia inajihifadhia kila kitu. Siku hizi karibu trafiki yote ya video imefungwa kwa usimbaji fiche kutoka seva hadi simu. Ni vizuri, sitaki mtu wa katikati asome ninachotazama. Ila matokeo yake ni kwamba wewe wa katikati unaona mto wa biti na huwezi kujua kwamba shangazi na jirani yake wanavuta kitu kilekile. Mwenye ufunguo ndiye mwenye uamuzi wa nakala. Kwa video za majukwaa makubwa, njia iliyobaki ni kuwaomba wenyewe walete sanduku lao, na kila mmoja ana kiwango cha chini cha trafiki anachotaka kukiona kwanza. Mtoa huduma mmoja wa Lubumbashi, peke yake, anaweza asikifikie.

Ndiyo sababu ya LUBIX. Wengine mnaijua, wengine mnaisikia leo: ni mahali hapa mjini ambapo mitandao inakutana na kubadilishana trafiki bila kuitoa nje, kama KINIX ilivyo Kinshasa. Watoa huduma wakijumlisha mahitaji yao hapo, wanaongea na majukwaa kama mji. Sanduku moja likiwekwa penye makutano linawahudumia wote. Na mtoa huduma asiyeunganishwa hapo anafanya jambo la ajabu: mteja wake akiomba faili iliyo kwenye jengo la jirani, ombi linavuka mpaka kwanza. Nisimtaje mtu. Chapeni wenyewe traceroute, amri inayoonyesha data inapitia wapi, mkifika nyumbani, mtaona njia.

Sanduku la wageni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ghala letu, seva mama ya hapa, ambako redio, televisheni, kwaya, vyuo na vikundi vya maigizo vinapakia kazi zao kwanza, na majukwaa ya nje yanapata nakala baadaye. Hapo ufunguo ni wetu na kanuni ya kufuta ni yetu. Si kazi ya mabilioni. Terabaiti 10 tulizozihesabu, ngazi tatu za chini, seva mbili za kutosha, programu huria ya kutoa vipande. Kazi ngumu ni ya watu: nani anakubali nini kiingie, nani anaondoa video mahakama ikiamuru, nani anashika mikataba ya haki. Tangu Machi 2023 nchi ina sheria ya mambo haya, Kanuni ya Dijitali. Mwanasheria asomewe mpango kabla ya fundi kufungua boksi.

Mechi ya moja kwa moja ni mnyama mwingine. Siku Mazembe inapokutana na Lupopo, hakuna cha kutabiri, wote tunajua kitakachotazamwa. Tuseme watu 5,000 wanatazama kwa simu kwa megabiti 1.5. Ni gigabiti 7.5 kwa sekunde zikiletwa mojamoja kutoka nje. Kukiwa na seva ya mji, kinachoingia kutoka nje ni mkondo mmoja kwa kila ngazi, megabiti 10.7 tu kwa ngazi zetu tano, na mengine yote yanazunguka humu humu. Diski haina kazi hapa, kinachohifadhiwa ni dakika chache za mwisho na zinakaa kwenye memori. Ugumu uko kwenye sekunde ileile kipande kipya kinapozaliwa. Simu 5,000 zinakiomba kwa pamoja, seva haijakipata bado, na kama haikuelekezwa vizuri itatuma maombi 5,000 kwenye seva mama na kuiangusha, kwa kawaida dakika ya penalti. Dawa ni kuyakusanya: ombi la kwanza linakwenda kuleta, mengine yanasubiri mlangoni, kipande kikifika wote wanagawiwa. Ni mstari mmoja au miwili kwenye konfigi ya seva nyingi za wavuti, na mara nyingi umezimwa. Kauwasheni kabla ya derbi, tafadhali.

Sasa umeme, nilioahidi. Una seva nne na unataka kila faili ijulikane iko kwenye seva ipi bila kuuliza. Njia ya haraka ni kulipatia kila jina namba, kuigawa kwa nne na kutumia baki: baki 0 seva ya kwanza, baki 1 ya pili, na kuendelea. Inafanya kazi mpaka umeme wa chumba kimoja unapokatika na seva zinabaki tatu. Sasa unagawa kwa tatu, na robo tatu ya faili zinabadilisha anwani kwa pigo moja, hata zile zilizokuwa kwenye seva nzima. Kila seva inaombwa vitu isivyokuwa navyo, zote zinakimbilia nje kuvitafuta, na waya unajaa saa ileile ambayo ungependa utulie. Jenereta ikiwaka baada ya dakika kumi, kila kitu kinahama tena. Watafiti wa 1997 walipanga majina na seva kwenye duara moja, kila faili inakwenda kwa seva iliyo karibu nayo mbele kwenye duara. Seva moja ikizimika, faili zake tu ndizo zinazohama, karibu robo, na nyingine hazijui hata kwamba kuna msiba. Katika miji ambako umeme haukatiki, jambo hili ni la siku ya matengenezo. Kwetu ni la Jumanne. Na msiongeze haraka ya kuitangaza seva iliyorudi: ngojeni dakika kadhaa, umeme unaorudi mara nyingi unaondoka tena.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho mnaotafuta kazi ya kuandika, nina moja. Mwaka 1966 László Bélády wa IBM alionyesha kanuni bora kabisa ya kufuta: ondoa kile ambacho kitachelewa kuombwa tena kuliko vyote. Haiwezekani kuitumia kwenye seva hai, hakuna ajuaye kesho. Lakini ukiwa na logi, yaani kumbukumbu ya maombi, ya wiki iliyopita, kesho yake unaijua. Ombeni logi ya wiki moja kwa mtoa huduma au kituo cha televisheni hapa mjini, anwani za watu zikiwa zimefutwa na majina ya faili yakiwa namba tupu. Pitisheni juu yake kanuni ya kawaida, kisha kanuni ya ombi la pili, kisha ile yenye gharama, kisha ya Bélády. Hesabuni kwa baiti zilizookolewa kwenye waya wa nje, na hesabu ya maombi yaliyofaulu muiache, kwa sababu maombi elfu ya picha ndogo hayafiki uzito wa filamu moja. Kisha zidisheni baiti hizo kwa bei ambayo kampuni inalipia waya. Mkipeleka karatasi yenye dola mbele ya mkurugenzi atawasikiliza, hata kama hajawahi kusikia neno kashe.

Nimemaliza. Papa aliyeinua mkono tangu nilipotaja Lupopo, maikrofoni inakuja.